Siku Nilipotangaza Matanga Nyumbani Kwetu

Nta ya nyuki ikianza kuyeyuka hunuka asali kwanza, halafu hunuka moshi. Katikati ya harufu hizo mbili kuna kitambo kidogo sana, na hapo ndipo unapopaswa kuiepua. Ukichelewa, imeungua. Kazi hiyo naifanya kila mwaka kabla ya masika, jikoni kwangu hapa Karatu, kwenye kikopo cha bati. Mkwe wangu, mke wa kijana wangu mkubwa, hufungua madirisha yote kwa kishindo ili nijue kwamba hapendi. Namwacha afungue. Nyumba ni yangu, nta ni yangu, na merikebu ninayoipaka ni yangu.

Ndiyo, nina merikebu. Iko juu ya kabati, imechongwa kwa mti wa mringaringa, urefu wake ni kutoka kiwiko changu mpaka ncha ya kidole. Ina milingoti miwili na matanga mawili yaliyokuwa meupe, siku hizi yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kijana wangu anaendesha watalii kwenda Kreta ya Ngorongoro, na siku moja aliniletea mzungu sebuleni. "Mama, huyu mgeni anataka kuinunua." Nikamwambia, mwambie mgeni wako tembo wako huko juu, akawaangalie.

Wageni wakiiona huniuliza nilikaa pwani ipi. Sikukaa pwani yoyote. Bahari sijaiona mpaka leo ninapoandika haya. Maji makubwa niliyoyaona ni Ziwa Manyara, nayo niliyaona kwa juu, kutoka ukingoni, yamelala kule chini kama shuka iliyoanikwa. Lakini merikebu nimeichonga kwa mikono hii, nikiwa msichana wa darasa la nne, na nusura inikosanishe na baba yangu. Kaeni niwaambie.

Kwetu ni juu kidogo ya Karatu, chini ya msitu wa Ngorongoro, mahali ambapo ukungu wa Julai ulikuwa unaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Baba alilima ngano kidogo na mahindi, na alitundika mizinga ya nyuki. Mama tulimwita Aayo, ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita mama. Aayo alikuwa mwanamke wa maneno machache na mgongo ulionyooka. Alikuwa amezika watoto wawili waliokuja baada yangu. Wa kwanza aliishi mpaka akaota jino. Wa pili hakufika hata kupewa jina.

Sasa, katika desturi yetu ya zamani, nyumba iliyopoteza mtoto mchanga ilitengwa. Tuliita metimani. Huchoti maji na wenzako kisimani, huingii kwa jirani, ng'ombe wenu hawachanganyiki na wa watu, mpaka muda upite na mtakaswe. Kanisa lilikuwa limeshafika zamani na padri alikataza mambo hayo, lakini padri alikaa mbali na majirani walikaa karibu. Kwa hiyo tulikaa ndani. Mimi hata shule sikwenda. Walioleta unga waliuacha njiani na kupiga kelele kutoka mbali, kama mtu anayemrushia mbwa mkali mfupa.

Mtoto akifungiwa ndani hutafuta kitu cha kutazama. Mimi nilitazama kopo. Lilikuwa kopo la majani ya chai ambalo Aayo aliwekea chumvi, na ubavuni lilichorwa kitu nilichodhani ni nyumba ya wazungu yenye nguo zimeanikwa juu ya paa. Nikamwuliza Baba. Baba aliwahi kukata mkonge Tanga akiwa kijana, akaniambia hiyo ni merikebu, inatembea juu ya maji.

"Nani anaisukuma?"

"Upepo."

"Upepo tu?"

"Upepo tu, mwanangu. Haiombi mtu."

Neno hilo lilinikaa. Kitu kinachoondoka chenyewe, bila kuomba ruhusa ya majirani! Nikachukua gogo la mringaringa lililobaki Baba alipochonga mzinga, nikakaa nyuma ya nyumba na kisu cha kuchunia. Baba akaniona. Kwetu kuchonga ni kazi ya wanaume. Mwanamke anashona ngozi, anafinyanga, lakini gogo haligusi. Akasema, "Beti, msichana hachongi." Nikamjibu, "Basi nikimaliza nitaacha." Akacheka peke yake mpaka zizini, na tangu hapo akawa ananiachia vipande vya nta karibu na mlango.

Nilichonga muda wote wa metimani na baada yake. Kisu kilinikata, nikapaka majivu nikaendelea. Kulainisha mbao nilitumia kigae cha chupa, unakivuta taratibu na mbao inatoa nyuzi nyembamba zinazojikunja kama nywele za mtoto. Nyufa niliziba kwa nta. Milingoti ilikuwa vijiti vya mzeituni wa porini, vigumu mpaka vinalia ukivigonga. Ila kule juu, kwenye zile nguo zilizoanikwa, nilikwama. Sikujua ni nini, sikujua zinaitwaje.

Niliporudi shuleni nikamkuta mwalimu mpya, Mwalimu Mwanaisha, ametoka Pangani. Maskini dada yule, baridi yetu ilimtesa! Alivaa sweta juu ya sweta, na ubao aliushika kwa ncha za vidole kama unauma. Siku niliyoleta merikebu yangu darasani alisahau baridi.

"Nyie watu wa milimani! Chombo hiki nani kakuonesha?"

"Kopo la chumvi, Mwalimu."

Alicheka hadi machozi. Kisha akanikalisha akanifundisha. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Ule uti wa chini unaitwa mkuku, na darasa zima likaanza kuwika kama majogoo. Tumboni huwekwa mizigo ili chombo kisilale ubavu. "Na hizi nguo za juu," akasema, "ni matanga. Likiwa moja ni tanga, yakiwa mengi ni matanga. Chombo bila matanga ni mzoga. Kaweke matanga, mwanangu, kisha uniletee nikione."

Naomba mnielewe hapa, maana kila kitu kilianzia hapa. Kwetu Kiswahili kilikuwa cha shule, cha mnadani na cha ofisini. Nyumbani tuliongea Kiiraqw, na msiba tuliuita kwa Kiiraqw. Mimi neno matanga nililisikia kwa mara ya kwanza kwenye kinywa cha Mwalimu Mwanaisha, likanuka chumvi na upepo. Watu wazima wa kijiji walilijua kabla yangu, lakini walilijua kwa maana moja tu. Kwao matanga yalikuwa kukaa chini, kufunga kanga kiunoni na kumlilia maiti.

Na Aayo alikuwa na mimba ya tatu tangu mimi, tumbo limeshafika mbele ya pua.

Jioni ile nilikwenda kisimani na debe langu nikiwa naruka kama mbuzi aliyelamba magadi. Wanawake walikuwa wamejaa. Mama Gisela, jirani yetu, mwanamke mnene wa kucheka hovyo, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa kuwa alipenda kunipima kama nasoma kweli, "We Beti, una nini leo?"

Nami nikajibu kwa Kiswahili safi, kwa sauti, wote wanisikie: "Kesho tunaweka matanga nyumbani!"

Kata ya Mama Gisela ilizama ndani ya kisima na hakuna aliyeifuata.

"Matanga?"

"Ndiyo. Mawili. Moja kubwa, moja dogo."

"Yesu wangu," akasema mmoja. Mama Gisela akaniinamia. "Mwanangu, mama yako yuko wapi?"

"Amelala. Tangu mchana hajaamka."

Ilikuwa kweli tupu. Mgongo ulimsumbua, akajinyoosha. Mimi nikashangaa kuona wanawake wanatazamana, mmoja ananishika kichwa na kusema, "Mtoto haelewi, maskini." Nikajiambia, ninyi ndio hamwelewi, hamjasoma. Nikachota maji yangu, nikaanza kupanda mlima polepole debe lisimwagike.

Kilio kilinipita njiani. Kilikata kwa njia ya shambani, kikafika kwetu kabla yangu. Nilipotokea, uwanja ulikuwa na watu. Mbele yao alikuwa Shangazi Fabiola, dada mkubwa wa Baba, mikono kichwani, anapiga yowe la kupasua mtungi. Wengine walisimama nje ya ua wa minyaa, kuni na unga mkononi, hawataki kuingia, maana kama ni mtoto mchanga basi metimani imeshaingia pale.

Mlango ukafunguka. Aayo akatoka, ameshika kiuno, alama ya mkeka shavuni. Akawatazama wote.

"Mnamlilia nani?"

Shangazi alianguka chali. Sisemi alikaa, alianguka.

"Fabiola, inuka," Aayo akamwambia. "Umelalia mahindi yangu."

Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Lakini siku hiyo hakuna aliyecheka, kwani macho yalianza kutafuta aliyesema, yakanikuta mimi na debe langu. Nikatua debe. Nikaeleza. Nikasema matanga ni nguo za merikebu, Mwalimu kasema, nikaingia ndani nikaitoa niwaoneshe pale zitakapokaa.

"Muongo!" Shangazi akasema, amejaa punje za mahindi mgongoni. "Hakuna nguo iitwayo matanga! Mimi nimekaa Arusha, mimi najua Kiswahili! Matanga ni kilio!"

"Mwalimu ametoka Pangani," nikamjibu. "Kiswahili ni chao."

Alinizaba kofi. Baba alikuwa amefika kutoka shambani, jembe begani, anauliza huku na huku. Shangazi akamgeukia. "Kaka, mtoto wako ametamka kifo kwenye nyumba yenye mimba. Kubwa moja na dogo moja, mbele ya watu! Neno likishatoka halirudi, linatafuta mahali pa kukaa. Ichome hiyo kitu sasa hivi." Na kutoka nje ya ua sauti zikaitikia: ichomwe, isipochomwa kisimani kwetu msije, ng'ombe wenu msilete.

Baba alikuwa mtu mzuri, sitamsema vibaya. Lakini alikuwa ameshazika wawili, na mtu aliyezika wawili huogopa hata kivuli cha kuku. Akatazama tumbo la Aayo. Akanionesha moto uliokuwa chini ya chungu cha maharage.

"Beti. Weka motoni."

"Siweki."

Nadhani hata maharage yaliacha kuchemka. Mtoto wa Kiiraqw hamwambii baba yake siweki. Baba akarudia, sauti imeshuka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Niliikumbatia merikebu kifuani mpaka milingoti ikagongana. Sikuiachia. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyotoka: "Mtoto alipokufa mlitufungia ndani. Huyu hajafa mnatufungia tena. Akizaliwa mzima mtatufungia kwa sababu gani?"

Shangazi aliinua mkono wa pili. Aayo akasema, "Mwache."

Hakupandisha sauti. Akaingia ndani. Tulisikia kifuniko cha sanduku kikifunguliwa, vitu vikisogezwa, kifuniko kikifungwa. Akatoka na kitambaa cheupe, kipya kabisa, kimekunjwa vizuri kikawa kidogo kama kitabu cha sala. Mwaka ule, vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha juzijuzi, na dukani hakukuwa na sabuni sembuse nguo. Wanawake wazee walipokiona kile kitambaa waliziba midomo. Mimi nikadhani wanashangaa mali inavyotaka kuharibiwa.

"Hayo matanga yako," Aayo akaniuliza, "yanakuwa ya nguo gani?"

"Nyeupe, Aayo."

"Mangapi?"

"Mawili. Moja kubwa, moja dogo."

"Mama Beti," Shangazi akasema, na safari hii alinong'ona, "hicho kitambaa..."

"Najua ni cha nini. Nilikikunja mwenyewe."

Akakiweka kinywani, akang'ata ukingo, akachana. Nguo mpya ikichanika hutoa sauti, ninyi mnaijua, lakini ile ilichanika kama mlango unaofunguliwa kwa nguvu. Kisha akaketi juu ya kigoda katikati ya uwanja, mbele ya waliomlilia, akatoa sindano kwenye nywele zake na kushona matanga yangu. Mimi nilimshikia milingoti. Baba alisimama na jembe lake, halafu akaliweka chini. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kipande cha nta, akanipa. Alinipa mbele ya dada yake.

Aliposhona fundo la mwisho Aayo akasimama. "Twende lamboni."

Jua lilikuwa bado liko juu ya msitu. Alitembea mbele, tumbo mbele yake, merikebu mikononi na matanga yamesimama, tukapita njia kuu, si ile ya kando, tukapita mbele ya kila mlango. Nyuma yetu Shangazi anapiga kelele, nyuma ya Shangazi kijiji kizima, na kuni zao za msiba bado mkononi. Lamboni kulikuwa na mzee mmoja wa Kimaasai aliyeshuka na ng'ombe kutoka upande wa Kakesio, ukame ulikuwa umewasukuma. Alitupisha bila kuuliza. Wamaasai wanajua kutopoteza maneno.

Nikaiweka majini. Ikalala ubavu, matanga yote yakalowa.

"Mmeona!" Shangazi akapaza sauti. "Hata maji yameikataa!"

Ningeweza kufa pale. Halafu nikakumbuka tumbo. Chombo kitupu hulala, alisema Mwalimu. Nikaitoa, nikaikung'uta, nikaokota kokoto nikazijaza ndani, nikazishindilia kwa udongo wa lambo na kuufunika kwa nta ya Baba niliyoilainisha kiganjani. Nikairudisha. Ikayumba, ikafikiri, ikasimama. Na upepo wa jioni, ule unaoshuka kutoka Kreta na kunuka majani yaliyolowa, ukaingia kwenye matanga ukayafurisha.

Ikaenda. Bila kuomba mtu. Ng'ombe wakainua vichwa, maji yanadondoka midomoni, wakakataa kunywa.

"Yeyo," yule mzee wa Kimaasai akamwambia mama yangu kwa heshima, kama wanavyomwita mama kwao, "hii nyumba inatembea na nini?"

Aayo akageuka, akawakabili wote waliosimama ukingoni. "Inatembea na matanga," akasema. "Matanga mawili ya nyumbani kwangu. Anayetaka kulia alie sasa, nimsikie."

Hakulia mtu. Mama Gisela ndiye aliyeanza, alitoa mkoromo kwanza puani, kisha akacheka mpaka akakalia kuni zake. Lakini msidhani wote walicheka. Wengi walirudi kimya, na kwa muda mrefu kisimani tulipishwa kama wenye ukoma. Tulichota lamboni na ng'ombe. Aayo alichuja maji kwa nguo, akachemsha, na hakumwomba mtu msamaha.

Mdogo wangu alizaliwa hospitali, Aayo alipelekwa juu ya tela la trekta la ngano. Ni msichana. Yuko hai, ana mwili na mdomo, anauza vitunguu sokoni na bado hajaacha kupiga kelele. Sisemi merikebu ndiyo iliyomwokoa. Ningesema hivyo ningekuwa mjinga kama Shangazi. Waliomwokoa ni wauguzi. Mimi nilitolewa shule nimlee, darasa la tano nikaishia hapo.

Miaka ilipita, nikaolewa, nikapata mimba yangu ya kwanza, nikaogopa kama wanavyoogopa wote. Aayo alikuja kunitazama, akanikuta naipaka merikebu nta. Akashika lile tanga kubwa kwa vidole viwili. Akaniambia mtoto wa pili aliyemfia, yule asiye na jina, alizikwa ndani ya kipande cha shuka kuukuu, chenye tundu, kwa kuwa hakukuwa na kingine. Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe. Mimba ya tatu ilipoingia aliapa kwamba huyu angalau hatazikwa katika matambara. Shangazi Fabiola ndiye aliyemtafutia kitambaa, kwa shida kubwa, na wanawake wote wazee walijua kimekaa sandukuni kinasubiri nini.

Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi niliyetamka kifo nyumbani kwetu na Aayo akanikinga. Kumbe kifo kilikuwa kimeshapimwa, kimekatwa na kukunjwa kabla yangu, wote wanakijua, wote wanakiogopa, na hakuna aliyethubutu kukitoa nje mpaka mtoto mmoja alipobeba neno asilolijua kutoka shuleni.

"Ulinitia adabu," Aayo akasema. "Ulisema siweki. Nikajiuliza, na mimi je, naendelea kuweka sanda?"

Mkwe wangu huniambia, mama, hayo matanga yamekunjamana, niyavue niyafue, niyapige pasi. Nimemkataza. Mikunjo ile ni ya mikono ya Aayo, ilikaa sandukuni miezi mingi, na ukiyaweka matanga mawili pamoja, moja kubwa na moja dogo, yanakupa upana wa mtoto mchanga. Ndiyo maana kila mwaka napaka nta mbao, napaka milingoti, napaka mkuku. Nikifika kwenye nguo, nafuta mikono yangu kwanza.